Waliosoma pamoja wakakutana tena

Kwa uliyeomba riwaya ya mapenzi yenye vichekesho, isiyo na machungu mengi, ya watu waliosoma pamoja wakakutana tena: tafuta Josh and Hazel's Guide to Not Dating ya Christina Lauren (2018). Chuoni Hazel aliwahi kumtapikia Josh viatu! Miaka baadaye wanakutana Portland, Marekani, wanakubaliana kuwa marafiki tu, na kila mmoja anamtafutia mwenzake mchumba. Miadi hiyo ya watu wanne wanne huvurugika vibaya, utacheka sana. Nilichokipenda zaidi ni kwamba Josh hataki Hazel apunguze vituko vyake. Anampenda hivyo hivyo alivyo. Ila ni ya watu wazima, kurasa za chumbani zimo.