Nina sukari: nikikataa chakula cha Idi, nina dhambi?

SWALI: Assalamu alaykum, Maalim. Mimi ni mkaazi wa Langoni, hapa Lamu, umri wangu miaka 54, na nina maradhi ya sukari. Siku ya Idi tukishaswali hupita nyumba za jamaa, na kila nyumba pana pilau, kaimati, halua na sharubati. Nikikataa, mama mkwe hununa. Idi iliyopita nilikula ili niwaridhishe, usiku nikakimbizwa hospitali. Je, kukataa ni dhambi? Naweza kusema nimefunga ili waniache?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Mwenyezi Mungu akupe shifaa, ndugu yangu. Swali lako limenigusa, maana anayekukaribisha hana nia mbaya. Pilau ile amekesha nayo.

Kukataa si dhambi. Lililo juu yako ni kuitika mwaliko. Kula ni jambo jingine. Imepokewa kwa Jabir, katika Sahih Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) amesema: akialikwa mmoja wenu chakula na aitike, akitaka atakula, na akitaka ataacha. Basi nenda, keti, wape watoto mkono wa Idi, waombee dua. Usije ukaacha kuwatembelea jamaa kwa sababu ya sukari. Hilo nalihofia zaidi kuliko sahani iliyorudi jikoni.

Wala kujizuia na chakula kwa ajili ya maradhi si jambo geni katika dini. Mtume alimtembelea bibi mmoja sahaba, Ummul Mundhir, akiwa pamoja na Ali ambaye ndiyo kwanza anapata nafuu. Mle ndani palitundikwa mashada ya tende. Mtume akala, Ali naye akaanza kula, Mtume akamzuia: ewe Ali, wewe bado u dhaifu. Yule bibi akapika mboga ya majani na shayiri, na Mtume akamwambia Ali ale hiyo, ndiyo imfaayo zaidi. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Hatukusikia kuwa mwenyeji alinuna. Alipika kingine.

Dhambi ihofie upande wa pili. Mwenyezi Mungu amesema: kuleni na mnywe wala msifanye israfu (7:31), na amesema: wala msijiue (4:29). Mtu anayejua kuwa sahani hii itamlaza hospitali, kisha akaila kwa kumwonea haya mkwewe, ameidhulumu nafsi yake. Tena usidhani adui yako ni halua peke yake, kwani wali nao hugeuka sukari mwilini. Kiasi chako muulize daktari kabla ya sikukuu, na dawa usiziache kwa kuwa leo ni Idi.

La kusema umefunga, usilifanye. Ni uongo, na tena kufunga siku ya Idi ni haramu, Idi zote mbili. Baada ya Idi ya kuchinja kuna siku 3 za tashriki, nazo Mtume ameziita siku za kula na kunywa na kumdhukuru Mwenyezi Mungu. Sema kweli: "Nina sukari, daktari amenikataza." Omba kipande cha samaki wa kuchoma na kahawa chungu bila ya halua. Mkiwa kwenye sinia moja, kula kilicho mbele yako, tonge ndogo ndogo, na uwe nao kwa mazungumzo.

Nanyi wenyeji, nawaomba sana: mtu akisema basi, ni basi. Mtume hakukitia kasoro chakula kamwe. Akikitaka alikila, asipokitaka alikiacha. Mgeni wenu naye ana ruhusa hiyo hiyo. Mama mkwe, kama utasomewa haya na mjukuu wako, mwekee mkweo sahani yake mapema, ya samaki na mboga, aikute ikimngoja.

Wallahu a'lam.