Dakika sita za kutembea: kumpima mtoto mwenye presha ya mapafu

Mtoto mwenye presha ya mapafu anaweza kuonekana mzima akiwa amekaa. Akitembea ndipo upande wa kulia wa moyo, unaosukuma damu kwenye mishipa ya mapafu iliyobana, unapozidiwa. Kipimo cha kutembea dakika sita hakidai mashine ya gharama, lakini kikifanywa ovyo kinampotosha daktari.

Tafuta korido au veranda tambarare, upime mita 30 kwa tepu, si kwa hatua, na uweke koni kila mwisho. Ukiikosa nafasi hiyo, andika urefu uliotumia na usiubadilishe kliniki ijayo. Korido fupi ina kona nyingi, na kila kona inapunguza mwendo: mita zitashuka ilhali ugonjwa uko palepale.

Mtoto apumzike kitini dakika 10. Muulize mzazi kama mtoto amezimia au kuumwa kifua siku za karibuni. Kama ndiyo, asitembezwe mpaka daktari amwone. Andika pia saa aliyokunywa sildenafili, dawa ya kulegeza mishipa ya mapafu.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni ndicho kinachosumbua zaidi. Arusha, Juni na Julai, vidole huwa baridi na namba zinarukaruka. Vipashe joto kwanza. Futa rangi ya kucha, na kama kuna piko tafuta kidole kisicho nayo. Tumia mkono wa kulia. Kwa mtoto ambaye mshipa unaounganisha aota (mshipa mkuu utokao moyoni) na mshipa wa mapafu haukujifunga baada ya kuzaliwa, pima na kidole cha mguu, kwa sababu damu yenye oksijeni kidogo inaweza kushukia miguuni huku mkono ukisoma vizuri.

Mwambie: “Tembea upesi uwezavyo, usikimbie. Ukichoka simama, ukipata nguvu endelea.” Akisimama, saa isisimame. Fuata nyuma yake. Ukitembea kando atafuata mwendo wako. Mpe moyo kila dakika kwa maneno yaleyale. Mkatishe akiumwa kifua, akipata kizunguzungu, akipauka au akiyumba, au oksijeni ikishuka chini ya asilimia 80. Mtoto ambaye hata amekaa oksijeni yake iko chini, daktari amwekee kikomo chake mapema. Kiti na mtungi wa oksijeni viwe karibu.

Dakika sita zikiisha, hesabu mita alizotembea. Kwa mfano, mizunguko 6 ya mita 60, kwenda na kurudi, ni 360; ongeza mita 22 za kipande cha mwisho, jumla 382. Kwa watoto chini ya miaka sita hivi tusingeitegemea namba hiyo: wanakimbia, wanasimama, wanamfuata mama.

Mlinganishe mtoto na yeye mwenyewe, na mahali palepale. Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi haifiki 1,000, hivyo oksijeni ya huku na ya kule hazilingani moja kwa moja. Andika pia kimo na uzito kila mara. Miguu ikirefuka mita huongezeka zenyewe, na mtoto aliyekua sentimeta 8 akirudia mita zilezile za mwaka jana, daktari wake anapaswa kuambiwa siku hiyohiyo.