Dirham za Yemen: Dai Karatasi Kwanza, Sarafu Baadaye

Kijana mmoja wa Mbagala ameniandikia: "Shikamoo mzee. Kuna jamaa anauza dirham za Yemen, zile sarafu za kale za fedha, kwa mafungu, anasema zimetolewa mji wa Taizz kabla hazijaliwa na mabomu. Nichukue?"

Usichukue. Ningeweza kuishia hapo, lakini namjua mtu anayeuliza swali la namna hiyo. Mkono umeshafika mfukoni, anachotafuta ni mtu mzima wa kumwambia ruksa. Nami nimekaa na ugonjwa huu wa sarafu miaka mingi, najua unavyowasha.

Mwezi uliopita nimepata niliyoitafuta tangu ujana: dirham ya fedha ya masultani wa Rasuli, waliotawala Yemen kuanzia 1229 hadi 1454, yenye samaki katikati. Samaki ni alama ya Aden. Mafundi wa karne ya 14 walikuwa na utaratibu mzuri sana, kila mji ulikofuliwa sarafu una picha yake: Aden samaki, Zabid ndege, al-Mahjam simba, Taizz mtu aliyeketi. Hata asiyejua kusoma Kiarabu aliweza kujua fedha imetoka wapi. Zama hizohizo msafiri Ibn Battuta alipita Taizz na Aden, halafu akapanda jahazi na kushuka pwani yetu, akafika Kilwa mwaka 1331. Huyu samaki wangu ni wa dunia ileile. Ukiniuliza kwa nini Mswahili wa Ilala ahangaike na fedha ya Yemen, jibu ndilo hilo.

Bei sisemi, mke wangu anasoma hapa.

Ila nitasema nilinunua nini hasa. Nilinunua bahasha. Sarafu ilikuwa ndani ya kibahasha cha karatasi kilichogeuka rangi, kimeandikwa kwa kalamu ya wino, pamoja na stakabadhi ya 1968 ya duka la Ulaya. Warithi wa mwenyewe ndio walioiuza. Habari za kusubiri mzigo na kuhangaika na ushuru nawaachia, kila mtu wa Dar anazijua. Niliulizwa hiki ni nini na umekitoa wapi, nikaweka karatasi mezani, mazungumzo yakaisha.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili linaniuma hata leo, na si kwa sababu ya sarafu.

Miaka michache nyuma tuliletewa kasha, mimi na mwenzangu niliyeanza naye kukusanya. Tulikutana Kariakoo, chumba cha nyuma cha duka la vitenge. Ndani ya kasha mlikuwa na dirham nyingi zilizogandana, zingine bado na udongo mwekundu kwenye herufi, kipande cha bakuli la shaba chenye ua la petali tano, na kurasa za msahafu zilizokatwa kwa wembe. Ua la petali tano ni nembo ya Rasuli, mkusanyaji yeyote akiliona mapigo ya moyo yanabadilika. Yangu yalibadilika. Nikamuuliza muuzaji: za nani? Akasema za babu yake. Babu alizipata wapi? Akacheka, akaagiza kahawa nyingine.

Babu gani anayehifadhi fedha zake na udongo wa shimo ambao haujakauka?

Nikasimama nikaondoka. Mwenzangu akabaki, akanunua kasha zima. Baada ya hapo ndiye akawa bingwa: akaalikwa kuzungumza, watu wakapiga picha na bakuli lake, mimi nikaitwa mwoga, tena mbele ya vijana niliowafundisha mwenyewe kushika sarafu kwa ukingo. Haya.

Hoja yake ilikuwa ileile anayoileta kijana wa Mbagala: bora vipone kwetu kuliko viungue kule. Nakiri inagusa. Waasi wa Kihouthi waliingia Sanaa, mji mkuu wa Yemen, Septemba 2014, mashambulizi ya anga ya muungano unaoongozwa na Saudi Arabia yakaanza Machi 2015, na Mei mwaka huohuo jumba la makumbusho la Dhamar lilibomolewa kwa bomu pamoja na maelfu ya vitu vyake. La Taizz liliungua 2016. Ukisoma hayo unataka kuokoa chochote. Lakini kilichokuwa kwenye lile kasha hakikuokolewa kutoka jumba lolote. Kilichimbwa. Na pesa uliyotoa Kariakoo inarudi kununua koleo jingine, au risasi, kutegemea nani analinda barabara.

Kisha kuna hasara ambayo wakusanyaji hatupendi kuitaja. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, wachimbaji wa kielimu walifukua hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu. Dinari za Fatimiya, watawala wa Misri wa zamani, zilikuwa na tarehe, na kwa kuwa zililala pamoja na zile za fedha za watawala wetu wa pwani, ndipo umri wa zile zisizo na tarehe ulipoanza kueleweka. Fikiria angezikuta kwanza mtu wa mafungu. Dhahabu ingeishia kwa sonara, fedha ingegawanywa kwa wateja kumi, na sisi tungebaki kubahatisha historia yetu wenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu, wadogo zangu: dai karatasi. Stakabadhi, barua, picha ya zamani, orodha ya mnada, chochote kinachoonyesha kitu kilikuwa nje ya Yemen kabla ya vita. Ikiwezekana kabla ya 1970, mwaka wa mkataba wa UNESCO dhidi ya biashara haramu ya mali za utamaduni. Yemen yenyewe iliuridhia 2019. Kuna jiko la shaba la Sultani al-Muzaffar Yusuf, mmoja wa hao Rasuli, liko Makumbusho ya Metropolitan, New York, tangu 1891, na kila mtu anajua lilifikaje. Hiyo ndiyo karatasi ninayoizungumzia.

Pili, pima. Mpelekee sonara wa Mtaa wa Indira Gandhi, aweke kwenye mizani, aangalie ukingo kama una mshono wa kalibu. Za bandia ni nyingi.

Tatu, dai karatasi. Narudia kwa sababu mnaruka.

Na msidhani mambo haya ni ya nchi za wenzetu tu. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Sarafu uliyoiokota ufukweni Kilwa si zawadi ya bahari.

Mwenzangu amenipigia karibuni. Anataka kuuza kasha nje, na huko kila anapobisha hodi anaulizwa lilitoka wapi na lini. Akaomba nimwandikie barua fupi tu, kwamba niliwahi kuliona nyumbani kwa marehemu mjomba wangu kabla ya vita. Nikamwambia mjomba wangu aliuza mbao Keko maisha yake yote, dirham hajawahi kuishika. Tangu siku hiyo hapokei simu zangu, na kwenye kundi letu la WhatsApp wengi bado wako upande wake.