Kabla ya kubadilisha sensa, tazama kinga ya kebo ilivyofungwa

Malalamiko ninayoyapokea kutoka viwandani hufanana sana: kipimo cha joto kinarukaruka, na kinaanza kurukaruka pindi mota kubwa inapowashwa. Fundi hubadilisha sensa, kisha kadi ya PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mitambo), na fedha nyingi zinateketea ilhali tatizo limo kwenye kebo na kinga yake, yaani wavu au karatasi ya chuma inayozizunguka nyaya. Ikiwa usomaji unatulia inveta (kifaa kinachodhibiti kasi ya mota) inapozimwa, acha sensa ilivyo na ufungue paneli.

Inveta hukata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila badiliko hutokea ghafla mno, hivyo kebo inayokwenda kwenye mota hutoa kelele za umeme za masafa ya juu katika urefu wake wote. Thamokapo (sensa ya joto ya nyaya mbili za metali tofauti) ya aina ya K hutoa takriban mikrovolti 41 tu kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi, kwa hiyo kosa la milivolti 1 linatosha kupotosha kipimo kwa nyuzi 24 hivi. Ishara ya mkondo wa miliampia 4 hadi 20, inayotumiwa na vipimo vingi vya viwandani, huvumilia zaidi, ingawa nayo huathirika.

Kebo ya mota iwe na kinga ya wavu wa shaba, nao uungwe kwenye ethi (waya wa ardhini) pande zote mbili, kwenye inveta na kwenye mota, kwa klampu au glandi ya chuma (kishikio cha kebo inapoingia kwenye kifaa) inayoushika wavu mzunguko mzima. Tabia ninayoikuta karibu kila kiwanda, na ambayo natamani sana ikome, ni kuusokota wavu uwe mkia na kuubana chini ya skrubu moja. Mkia huo, hata ukiwa wa sentimita chache, huweka kizuizi kikubwa mbele ya mikondo ya masafa ya juu, nayo hutafuta njia nyingine ya kurudi, mara nyingi kupitia vifaa vile vile ulivyotaka kuvilinda. Rangi ya paneli nayo ikwanguliwe mahali klampu inapokaa.

Kwa kebo za ishara dhaifu zinazobadilika polepole, kama za thamokapo, kinga huungwa kwenye ethi upande mmoja, kwa kawaida kwenye paneli, kwa sababu volti za ethi za sehemu mbili za kiwanda huweza kutofautiana na kusukuma mkondo ndani ya kinga. Thamokapo ambayo ncha yake imeungana na ganda lake la chuma huhitaji kinga yake iungwe upande wa sensa.

Kinga ya karatasi ya alumini haizuii uga wa sumaku wa masafa ya chini. Kazi hiyo hufanywa na jozi ya nyaya zilizosokotwa pamoja, na umbali. Tenganisha kebo za ishara na za mota kwa sentimita 30 au zaidi, na pale zinapolazimika kukutana, zipishane kwa pembe ya nyuzi 90. Bajeti ikiwa finyu, anza na trei ya pili ya kebo, ili za ishara zitengane na za mota.