Ukishapata leseni ya lori Uingereza, unapanda kuelekea wapi?

Mpwa wangu, umeniuliza kwa niaba yako na ya madereva wenzako wa njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma: mtu akipata leseni ya lori huku Uingereza, atapanda mpaka wapi, na itamchukua muda gani? Nitakujibu bila kukuficha kitu, kwa sababu mimi mwenyewe niliambiwa kwamba madereva wanatafutwa huku kwa tochi, nikaamini kwamba kufaulu mtihani ndiko kufika.

Kwanza, udereva wa lori haumo katika kazi zinazompa mgeni viza ya kazi ya ujuzi, hivyo anayekutoza fedha kwa ahadi hiyo mkimbie. Mimi nilikuja kwa sababu ya ndoa. Leseni ya nyumbani nayo haibadilishwi moja kwa moja; nilianza upya kwa kupimwa na daktari, nikafanya mitihani ya nadharia, kisha daraja C la lori lisilo na tela, halafu CE la kichwa na tela. Tangu Novemba 2021 mtu anaruhusiwa kuiruka C na kwenda CE moja kwa moja, ingawa mimi sijutii kupitia zote mbili.

Baada ya hapo nilikutana na ukuta ambao hakuna aliyenitajia. Kila nilikopiga simu niliulizwa kama nina uzoefu wa miaka 2 tangu nipate leseni, kwa kuwa bima ya dereva mpya huwa ghali, na miaka yangu yote ya barabara za nyumbani haikuhesabiwa. Nilipata nafasi kupitia wakala wa ajira, zamu za usiku, nikihamisha tela kutoka ghala moja hadi jingine. Wengi huidharau kazi hiyo, lakini ndiyo iliyonifundisha, maana usiku mmoja waweza kuunganisha na kuachia tela mara kadhaa, na kila mara ni lazima uunge mipira ya breki, ulivute tela kidogo kuhakikisha limeshika, uhamishe kibao cha namba kisomeke sawa na cha kichwa, na uandike urefu wake wa kwenda juu mahali unapouona ukiwa kwenye usukani, kabla hujakutana na daraja la chini.

Usiku mmoja, mvua ikinyesha, nilishindwa kuingiza tela kwenye mlango wa kupakulia hata baada ya kujaribu mara saba. Mzee mmoja wa zamu alikuja na kurunzi, hakunifokea, akaniambia: “Shuka ukaangalie.” Nilishuka, nikaona kwamba nyuma ya tela palibaki pengo la kiganja kimoja tu kabla ya nguzo. Tangu siku hiyo hushuka kila ninapokuwa na shaka, na sijali nani anasubiri.

Jambo jingine litakalokujenga au kukuvunja ni takografu, kifaa kinachorekodi mwendo na mapumziko yako. Huendeshi zaidi ya saa 4 na nusu bila mapumziko ya dakika 45, wala zaidi ya saa 9 kwa siku, isipokuwa mara 2 kwa wiki unaporuhusiwa kufika 10. Kwa aliyezoea kukesha njiani, hili ni gumu kuliko theluji. Mpangaji wa safari akikusihi uongeze nusu saa, kataa kwa adabu, kwa maana kadi iliyomo kwenye takografu ni yako na wewe pia utaulizwa.

Miaka 2 ikipita, milango hufunguka kweli. Nilisomea cheti cha kubeba mizigo ya hatari, kinachodumu miaka 5, nikahamia kwenye matangi. Wenzangu wamekwenda kwenye malori yenye kreni au yanayobeba magari, wengine wanafundisha. Juu zaidi kuna cheti cha msimamizi wa usafirishaji, ambacho kampuni inayosafirisha mizigo ya wengine kwa malipo haipati leseni ya biashara bila kuwa na mtu anayekishika. Ndicho ninachosomea sasa, siku za mapumziko, kwa sababu mgongo wangu umeanza kulalamika na ningependa kubaki katika kazi hii hata nitakapoacha usukani. Ukiwa na njia halali ya kuja, niandikie kabla ya kulipa chuo chochote cha udereva, tuipitie mikataba yao pamoja.