Usitume hizo pauni 17,000 Ijumaa

Mkuu, simama hapo hapo. Salamu tutapeana baadaye.

Kwa wanaoingia sasa hivi kwenye uzi: jamaa kapunguzwa kazi ghalani huko Leicester, Uingereza. Kiinua mgongo ukijumlisha na akiba yake vimefika pauni 20,000. Ana deni la kadi 2,700 na mkopo wa gari umebaki 1,900. Kaambiwa ukiwa na zaidi ya 6,000 Universal Credit (UC, malipo ya serikali ya huku kwa wasio na kazi au wenye kipato kidogo) hupati kitu, kwa hiyo Ijumaa anamtumia dada yake Tanga 17,000 "zikakae salama, nyingine zimalizie nyumba", abaki na 3,000, Jumatatu ajaze fomu akiwa safi. Kauliza kama inafaa. Kauliza pia kama akaunti ya mkewe inahesabiwa.

Haifai. Kosa hilo nimeshalilipia mimi, tena kwa ushauri wa kununua, kwa hiyo nivumilie nikipandisha sauti.

Kwanza hizo namba umeuziwa zikiwa zimepinda. 6,000 si ukuta, ni kizingiti. Ukiwa na 6,000 au chini, akiba yako haigusi malipo hata kidogo. Ukivuka hapo, kila pauni 250, au kipande cha 250, inakukata pauni 4.35 kwa mwezi. Ukiwa na 6,001 umekatwa 4.35. Ukiwa na 9,000 umekatwa 52.20. Ukiwa na 16,000 kamili umekatwa 174, lakini bado unalipwa. Ukuta ni pale inapozidi 16,000: pauni moja tu juu yake, hupati kitu. Na namba ni hizo hizo uwe peke yako au mko wawili. Mke na mume akiba zenu zinajumlishwa, kikomo hakijumlishwi. Hapo swali la mkeo limejibika, na inaingia kila kitu: akaunti yake ya hapa, ya CRDB, hadi salio la M-Pesa.

Sasa kosa lenyewe.

Kanuni za Universal Credit za mwaka 2013, kanuni ya 50, zinasema hivi kwa lugha ya kijiweni: ukijivua pesa kwa nia ya kupata benefiti au kuongezewa benefiti, unahesabiwa kama bado unazo. Pesa ziko Tanga, tofali zimeshapangwa, bati liko juu, lakini kwenye kompyuta ya DWP, idara ya serikali inayolipa UC, ziko mfukoni mwako. Mimi naziita pesa za jini: huzioni, huzili, ila zinahesabiwa.

Kinachoangaliwa ni nia. Na wala haihitaji kuwa nia yako pekee, inatosha ikiwa moja ya sababu kubwa. Hutajitetea kwa kusema "lakini nyumba kweli ilihitaji bati." Wataangalia ulikuwa unajua kuhusu kikomo, ulihamisha lini, kiasi gani, na ulidai baada ya siku ngapi. Wewe unataka kuhamisha Ijumaa na kudai Jumatatu, na hapa jukwaani umeshaandika "ili nishuke chini ya 6,000". Hati ya mashtaka umeiandaa mwenyewe, imebaki kugongwa muhuri.

Tupige hesabu, maana wengi wanadhani adhabu ni mwezi mmoja wa kununiwa. Tuseme haki yako kamili ingekuwa 1,100 kwa mwezi. Umetuma 17,000, mkononi una 3,000. Wao wanaona 20,000, kwa hiyo unapata sifuri. Unaanza kula zile 3,000. Pesa za jini nazo zinapungua, lakini angalia mwendo wake: zikiwa juu ya 16,000, kila mwezi zinapungua kwa kiasi cha UC ambayo ungelipwa, yaani 17,000 inashuka hadi 15,900. Safi, utasema. Ngoja. Zikishuka chini ya 16,000, mwendo unabadilika: zinapungua kwa lile kato tu la 4.35. Kwenye 15,900 kato ni 174. Badala ya 1,100 kwa mwezi, sasa zinatambaa kwa 174, halafu 169.65, na kato linazidi kuwa dogo kadiri zinavyopungua.

Kwa hiyo miezi mitatu, minne hivi, hupati senti mpaka zile 3,000 halisi ziishe na jumla ianguke chini ya 16,000. Hapo unaanza kulipwa ukiwa na pauni sifuri benki, huku unakatwa karibu 170 kila mwezi kwa pesa ambazo huna. Chukua kikokotoo upige mwenyewe: ukibaki kwenye UC, baada ya miaka 5 jini wako bado ana zaidi ya pauni 9,000. Miaka mitano! Mtoto aliyezaliwa siku ulipotuma ameshaanza shule, jini bado anadai chakula.

Na yule aliyekuambia "hamishia kwa ndugu, hawa hawaangalii nje ya nchi" namjua. Simjui jina, ila namjua. Yuko kwenye kila grupu la WhatsApp, anajaza fomu za watu kwa pauni 60, na barua ya maswali ikija simu yake haipatikani. Wanaangalia. Akaunti yako ikipitiwa wanaomba taarifa za benki za miezi minne, za akaunti zote, na mtu anakaa anapita mstari kwa mstari. Pauni 17,000 kwenda kwa wakala wa kutuma pesa hazihitaji mpelelezi, zinaonekana hata kwa asiyevaa miwani.

Halafu maneno yako mwenyewe: "zikakae salama kwa dada." Chagua moja. Umempa au umemwekea? Kama umempa, ni kanuni ya 50, karibu kwa jini. Kama umemwekea, bado ni zako kisheria, popote zilipo, na kutozitaja kwenye fomu si kujivua tena, ni kuficha. Hapo tunatoka kwenye hesabu tunaingia kwenye udanganyifu, na hilo ni faili jingine.

Nyumba ya Tanga je? Kama ni yako, ni mali na inahesabiwa kwa bei ambayo ingeuzika huko huko, ukitoa deni lililowekewa rehani juu yake na asilimia 10 kama kuiuza kungekuwa na gharama. Lakini kuna mlango ambao wengi hawaujui: nyumba inayokaliwa na ndugu wa karibu kama makazi yake, naye amefikia umri wa pensheni wa huku, ambao unapanda kutoka miaka 66 hadi 67 kati ya 2026 na 2028, au ana ugonjwa au ulemavu unaomfanya asiweze kufanya kazi, haihesabiwi. Mzazi, mkwe, mtoto, kaka na dada wote wamo. Shangazi hayumo, msinilaumu mimi. Kama mama yako mwenye miaka 70 ndiye anaishi humo, nyumba yenyewe haikudhuru. Ila pesa unazozimwaga humo wiki moja kabla ya kudai bado zitaulizwa kwa kanuni ile ile. Kiwanja kitupu hakina mlango huo.

Sasa tazama ulichokuwa nacho mkononi ukakiruka. Kanuni hiyo hiyo ya 50 ina matundu mawili halali: kulipa au kupunguza deni lako, na kununua bidhaa au huduma kwa matumizi yanayoeleweka kulingana na hali yako. Hayo hayaitwi kujivua.

Una madeni ya 4,600! Na huku deni ambalo halina rehani halitolewi kwenye akiba likiwa bado deni. Ukidai leo ukiwa na 20,000 na madeni ya 4,600, wanaandika 20,000, hupati kitu. Ukilipa kadi na gari kwanza, unabaki na 15,400 halali. Zidio la 9,400 ni vipande 38, kato 165.30. Kwenye ule mfano wetu wa 1,100 unalipwa 934.70 tangu mwezi wa kwanza, na 15,400 zako ziko benki kwa jina lako. Linganisha na yule mwenye bati Tanga na jini Leicester. Lipa moja kwa moja kwa kampuni, pakua barua ya kuonyesha salio sifuri, ihifadhi. Hata kama mkopo wa gari haujafika mwisho wa muda wake, kuumaliza mapema ni kulipa deni. Deni la ndugu nalo linakubalika likiwa la kweli, lakini "nilikuwa nadaiwa na shemeji" bila ujumbe wa tarehe ya zamani na muamala wa pesa ilipoingia, ni hadithi.

Baada ya hapo ishi kawaida. Kodi ya nyumba, chakula, umeme, sare za shule, friji iliyokufa, matairi ya gari la kuendea usaili: vyote hivyo ni matumizi. Friji ya 350 inaeleweka. Televisheni ya 2,400 wiki ya kudai, utaieleza wewe. Na kama umekuwa ukimtumia mama pauni 150 kila mwezi kwa miaka, endelea. Mazoea yaliyopo kwenye taarifa za benki yanajieleza yenyewe, kinachoshtua ni kiasi na wakati. Msiba ukitokea nyumbani ukakata tiketi, weka tiketi, weka na risiti za mazishi.

Kanuni yangu ni moja, na nitairudia mpaka modi anifungie: PAUNI ISIYO NA KARATASI BADO IKO MFUKONI MWAKO. Kabla haijatoka, jiulize karatasi yake ni ipi. Risiti, barua ya deni, ankara ya fundi. Huna jibu, haitoki. Tengeneza folda moja kwenye simu, kila risiti ipige picha siku hiyo hiyo, maana zile za karatasi laini zinafutika kabla ya miezi sita na utabaki umeshika kijikaratasi cheupe mbele ya jopo la rufaa.

Kwa wale wa upatu, mchezo, kibati, chama, likelemba, na nyinyi sogeeni. Ukipokea zamu yako ya 5,000, siku inayoingia ni akiba yako, hata kama bado una zamu tisa za kuchangia. Na 500 inayotoka kila mwezi kwenda kwa mtu yule yule inafanana kabisa na kujivua. Daftari la zamu lenye majina, tarehe na kiasi ndilo litakalokuokoa, pamoja na skrinshoti za grupu. Mweka hazina ndiye yuko hatarini zaidi: pesa za watu zikipita kwenye akaunti yako zinaonekana zako, na mzigo wa kuthibitisha kwamba si zako ni wako. Fungua akaunti ya pembeni ya upatu tu, usichanganye na mshahara. Pesa unayomshikia mtu kweli haihesabiwi kuwa yako, lakini "kweli" ina karatasi.

Mshahara nao: wa mwezi huu ni kipato, kinachobaki ukiingia kipindi kingine kinageuka akiba. Kiinua mgongo kimeshakuwa akiba tangu kilipoingia.

Kitu kingine ambacho yule wa pauni 60 hakukuambia kwa sababu hakina fomu ya kukuuzia: New Style JSA, malipo ya anayetafuta kazi. Hiyo inatokana na michango yako ya bima ya taifa ya miaka miwili mitatu ya kodi iliyopita, inalipwa hadi siku 182, na haiulizi una akiba kiasi gani, wala mkeo ana kiasi gani. Ukiwa na 20,000 au 200,000, ni ile ile. Kama michango yako ilikatwa ghalani kama kawaida, idai hata leo. Ukipata na UC, inakatwa humo pauni kwa pauni, lakini kwa aliyezidi 16,000 ndiyo daraja lenyewe.

Na kwa aliyeshatuma tayari, msikae kimya. Uamuzi ukija kwamba ulijivua, una mwezi mmoja kuomba uangaliwe upya, unaweza kuandika kwenye lile jarida la akaunti yako ya UC. Usiandike "nilikuwa sijui" ukaishia hapo. Andika kila kiasi, tarehe, sababu, na karatasi yake, na kama ulituma kabla hujajua kazi itaisha, weka barua ya mwajiri yenye tarehe, maana asiyejua anapoteza kazi alikuwa na nia gani ya benefiti? Wakikataa, una mwezi mwingine kwenda kwenye jopo la rufaa, na huko yupo jaji anayekusikiliza kwa masikio. Madai ya kurudisha malipo yaliyozidi usiyapuuze, kwenye UC wanaweza kudai hata yale waliyokosea wao wenyewe.

Kama viza yako imeandikwa huruhusiwi fedha za umma, futa yote niliyosema kuhusu UC na usiguse fomu yake; New Style JSA haimo kwenye fedha hizo, maana inatokana na michango yako.

Umesema huo muamala umeshaupanga kwenye app utoke wenyewe Ijumaa. Ingia sasa hivi, sehemu ya malipo yaliyopangwa, ufute. Halafu rudi hapa useme umefuta.