Sherehe ya vitabu darasani: mkasi uje mwisho

Mama mwenzangu, umesema binti yako ana miaka 7, sherehe ya vitabu darasani kwao imebakiza wiki mbili, kila mtoto avae kama mhusika wa kitabu na aseme maneno machache mbele ya wenzake. Wako hajachagua mhusika, na kusimama mbele za watu kunamtia hofu. Nimeyapitia hayo na watoto wawili, niruhusu niandike kwa kirefu.

Wa kwanza nilimwanzia kwenye vazi. Nilimchagulia simba mimi mwenyewe, nikakesha siku mbili nakata maboksi, na kinyago kikatoka kizuri kweli. Siku yenyewe hakikukaa usoni hata saa moja: kilikuwa na joto na hakikumwonyesha njia. Hilo lilikuwa dogo. Alipoulizwa simba huyo alifanya nini kwenye hadithi, alinyamaza, kwa sababu kitabu tulikisoma mara moja tu, tena mbiombio. Alirudi nyumbani kinyago kakishika mkononi, akaniambia, "Mama, wenzangu walikuwa wanasimulia." Maneno hayo hayajanitoka mpaka leo.

Kwa hiyo siku tatu nne za mwanzo usiguse mkasi. Kaa naye jioni na vile vitabu anavyokuomba uvirudie mpaka wewe umevichoka. Usimuulize anataka kuwa nani, maana hapo atawaza nguo. Muulize nani anamchekesha, nani anamwonea huruma, nani alimkasirisha akatamani kuingia kitabuni amkemee. Mtoto wangu wa pili nilipomuuliza hivyo hakumtaja shujaa. Alimtaja punda anayebeba mizigo ya kila mtu na anayeonekana kwenye kurasa tatu tu. Nilikaribia kumshawishi achague mwingine, nashukuru nilijizuia, maana juu ya punda yule alikuwa na ya kusema usiku kucha. Akimchagua mhusika mbaya pia mwache. Nimeona mtoto mpole akiwa fisi mlafi akatoa sauti ambayo mwalimu wake hakuwahi kuisikia.

Akishachagua, tafuteni alama moja inayomtambulisha mhusika: masikio, fimbo, kofia, mkoba. Zilizobaki ziwe nguo alizonazo. Punda wetu alivaa fulana na suruali ya kijivu, masikio kichwani, na furushi dogo mgongoni. Masikio niliyabandika kwenye ukanda unaokaa juu ya paji, uso ukabaki wazi. Boksi lina mifereji ndani yake. Ukilikunja kufuata mifereji linatii, ukienda kinyume linavunjika. Likipakwa rangi ya maji upande mmoja hujipinda likikauka, basi paka pande zote mbili, rangi nyepesi, uliache usiku mzima. Ukitumia stepla, ncha za pini zielekee nje na uzifunike kwa selotepu. Cha kufunga shingoni kiwe kinaachia chenyewe kikivutwa, kwa sababu watoto watavutana tu. Rangi ya usoni iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi, nayo uijaribu kidogo mkononi siku moja kabla. Rangi za kuchorea picha, hata zikiandikwa hazina sumu, usimpake usoni.

Siku mbili kabla, mvalishe kila kitu. Akae kwenye kiti, ainame, aende chooni peke yake avue na kuvaa tena. Mwalimu ana darasa zima, hawezi kumfungulia kila mmoja vifungo.

Sasa hofu yake, ambayo naona ndiyo inayokuumiza. Asikariri. Aseme kama yeye ndiye mhusika, sentensi tatu tu. Wetu alisema: "Mimi ni punda. Ninabeba maji ya kijiji kizima na hakuna anayejua jina langu. Siku moja niligoma." Akaishia hapo, mwisho wa hadithi hakuusema. Mtoto akisema "mimi ni punda" macho ya watu humwangukia punda, yeye anapumua. Ayazoee maneno hayo mnapoosha vyombo, amsimulie bibi kwa simu, kila mara kwa namna yake. Na mkononi ashike kitabu chenyewe, ukurasa umewekewa alama. Mikono yenye kazi haitetemeki sana, na akisahau anafungua anawaonyesha picha. Bado anakataa? Zungumza na mwalimu mapema, aseme akiwa ameketi au pamoja na rafiki yake. Usimlazimishe asubuhi ile.

Wangu aliniuliza kwa nini vitabu vifanyiwe sherehe. Nilimwambia kwamba tangu mwaka 1967 kuna Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto, inayoadhimishwa karibu na tarehe 2 Aprili, siku aliyozaliwa Hans Christian Andersen mwaka 1805, mtoto wa fundi viatu na mama aliyefua nguo za watu. Habari ya fundi viatu ilimkaa sana, akaisimulia nyumba nzima.

Andika jina lake ndani ya jalada kabla hajaondoka na kitabu. Chetu, baada ya sentensi ile ya kugoma, kilizunguka kwa wenzake wiki nzima, kila mmoja akitaka kujua ilikuwaje.

Jioni hii mkimaliza kusoma, rudi hapa uniambie amemtaja nani, tulifikirie hilo vazi pamoja.